Mchicha wa Uani: Watu Wasio na Majina Walioilisha Dar

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha familia Temeke. Ajenda moja tu: kile kipande cha ardhi kilicho uani na ubavuni mwa nyumba ya marehemu bibi, mzaa mama yetu. Mjomba alikuja na karatasi yake, hesabu kapiga zote. Fremu tatu za biashara, kodi inalipwa miezi sita sita, hela inaingia bila jasho.

"Pale pamekaa bure," akasema. "Mchicha tu."

Mchicha tu! Jamani, hilo neno lilinikaa kooni mpaka nafika nyumbani. Kwa sababu hizo "mchicha tu" ndizo zilizomsomesha mama yangu, na huyo huyo mjomba mwenye karatasi. Nikaanza kuuliza, kusoma na kuunganisha. Nilichokuta ni historia nzima ya mji huu ambayo hatukuisoma shuleni, na wahusika wake wakuu hawana hata mtaa mmoja uliopewa majina yao.

Basi vuta kiti.

Bustani yenye jina na zile zisizo na jina

Ukipita Samora, karibu na Makumbusho ya Taifa, utaikuta Bustani ya Mimea. Hiyo ina tarehe yake na mwanzilishi wake anajulikana. Ilianzishwa mwaka 1893 na Mjerumani, Profesa Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa koloni. Wajerumani walikuwa wameuhamishia mji mkuu wao hapa kutoka Bagamoyo miaka miwili kabla, na pale bustanini wakawa wanajaribu mazao ya kuwaingizia fedha. Walitaka kujua kipi kitaota, kipi kitauzika Ulaya.

Ila bustani ya kwanza ya Dar haikuwa hiyo. Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji kinaitwa Mzizima, na Wazaramo na Washomvi walishalima pande hizi. Mpunga kwenye mabonde, muhogo kwenye mchanga, kunde katikati. Majid naye akaja na ndoto yake ya mashamba ya minazi, yaliyotegemea jasho la watumwa. Majid akafa mwaka 1870, mji ukalala. Waliobaki wakiendelea kulima ni wale wale waliokuwapo.

Shika hilo, maana litajirudia. Wakubwa wanakuja na mipango, wanaondoka. Mwenye jembe la uani anabaki.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walikuta mji umeshaanza kugawanywa, nao wakakaza. Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kwa waliobaki, kuanzia Kariakoo. Mwafrika mjini alihesabiwa kama mgeni, mtu wa kufanya kazi kisha arudi kwao. Asiye na kazi aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kijijini.

Lakini tazama nyumba waliyoijenga hao "wageni". Nyumba ya Kiswahili unaijua: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, baraza mbele, na uani nyuma. Uani ndipo maisha yalipo, jiko, bafu, choo na kamba ya nguo. Na ukichungulia nyuma ya bafu utakuta migomba. Maji ya kuogea hayakumwagwa bure, yalikwenda kwenye shina la mgomba. Hakuna bwana shamba aliyefundisha hilo. Kina mama wa Ilala, Magomeni na Temeke walilijua tu.

Wazaramo ndio walikuwa kabila kubwa kuliko yote mjini wakati wa ukoloni, na kijijini kwao hapakuwa mbali: Kisarawe, Mbagala, Kigamboni. Mtu alikuwa na chumba mjini na shamba la muhogo mwendo wa mguu. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Aliolewa na kuletwa Temeke muda mfupi baada ya Uhuru, na katika mzigo wake kulikuwa na marando ya matembele yamefungwa kwenye kanga iliyolowana maji.

Serikali inasema lima

Baada ya Uhuru upepo ukageuka. Ile serikali ya zamani ilitaka Mwafrika atoke mjini, serikali mpya ikataka kila mtu ashike jembe.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na shule zikawa na mashamba yake. Waliosoma enzi hizo wanakumbuka kwenda shule na jembe na kidumu cha maji. Mwaka 1972 TANU ikakutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970 vijana wasio na kazi mjini walikuwa wanapelekwa ng'ambo ya Kigamboni kuanza kijiji cha ujamaa kinachoitwa Gezaulole. Kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Jina zuri kwa mkulima, maana kulima nako ni kujaribu uone.

Halafu mvua zikagoma. Ukame wa 1973 na 1974 ulibana kweli. Chakula kikaagizwa kutoka nje, na serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Mijini watu wakaambiwa kila penye udongo palimwe, maofisini, viwandani, kandokando ya barabara na uani.

Redio nayo ikaingia kazini. Kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja, wanasikiliza kipindi, wanajadili, kisha wanaamua watafanya nini. Ujumbe ulikuwa kwamba ugali peke yake haujengi mtoto. Weka mboga ya majani, weka matunda, fuga kuku. Na kama huna hela ya kununua, panda.

Bibi alikuwa anacheka akisimulia hayo. "Mjukuu wangu, redio ilituambia tulime mchicha. Sisi tulikuwa tunausikiliza huo mchicha ukiwa sufuriani."

Miaka ya foleni

Sasa tufike pale penyewe. Kama wazazi wako waliishi Dar mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, waulize. Wengine watacheka, wengine watanyamaza kidogo kwanza.

Mwaka 1967 Dar ilikuwa na watu wapatao 272,000. Mwaka 1978 sensa ikakuta zaidi ya 840,000. Mji umekuwa mara tatu ndani ya miaka 11! Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja vita ya Kagera. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hamna, viwanda vinasuasua. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni. Chakula na bidhaa zilipitia duka la kaya, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mtu mkubwa kweli mtaani, maana yeye ndiye aliyejua nyumba gani ina watu wangapi.

Unga ukawa ule wa njano, mahindi kutoka nje. Watani wa jadi hawakukosa neno, wakauita unga wa Yanga. Hata shabiki wa Simba alikula Yanga jioni, apende asipende. Lakini ugali wa Yanga unaushushia na nini? Nyama ni ya kubahatisha. Hapo ndipo uani kulipogeuka benki.

Bibi alikuwa na matuta sita. Mchicha ulikuwa zao lake la haraka kwa sababu hauna maneno mengi: unamwaga mbegu, unamwagilia asubuhi na jioni, wiki ya tatu au ya nne unang'oa. Tuta moja likiisha, jingine liko tayari. Matembele hayakuhitaji hata mbegu, unakata rando, unachomeka, linashika. Pembeni muhogo kwa ajili ya kisamvu, bamia chache, pilipili, na mpapai mmoja uliozaa kama umelipwa. Kuku wanatoa mbolea, majivu ya jikoni yanakwenda kwenye majani kufukuza wadudu.

Watoto wakishakula, fungu linalobaki linakwenda gengeni. Babu alikuwa kibarua bandarini na mshahara wake ulikuwa unaisha kabla ya mwezi kugawanyika katikati. Ada, daftari, kaptula ya shule, vyote vilitoka kwenye kopo la maziwa lililofichwa chini ya kitanda, lenye sarafu za mchicha. Mama anasema mpaka leo akisikia sarafu zinagongana kwenye kopo, anasikia harufu ya udongo uliolowa.

Na wala si Uswahilini tu. Miaka hiyo ofisa wa serikali alifuga kuku wa mayai kwenye nyumba ya serikali. Mwalimu wa chuo kikuu alikuwa na "mradi", na mradi maana yake ni banda uani. Ng'ombe walionekana Oysterbay wakikatiza kama wana miadi. Daktari, karani, dereva, wote walikuwa wakulima baada ya saa za kazi.

Lakini hebu ona kigeugeu. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi inayotambulika alikamatwa, akapandishwa lori, akapelekwa kijijini kulima. Fikiria mama anayelima na kuuza mchicha barabarani, anakamatwa kwa kosa la kutofanya kazi, anapelekwa kulima. Wenyewe walikuwa wanakimbia na mabeseni yao, lori likipita wanarudi kumwagilia. Baadaye operesheni ikafifia. Matuta yakabaki.

Wakulima wa Dar ni akina nani?

Hilo si swali langu. Mtafiti Camillus Sawio aliandika tasnifu yake ya mwaka 1993 kuhusu kilimo ndani ya Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akachangia sura kwenye kitabu kuhusu miji ya Afrika Mashariki inayojilisha, kichwa cha sura kikiwa ni swali hilo. Jibu lake liliwashangaza wengi. Wakulima wa mji huu hawakuwa maskini peke yao wala wageni kutoka bara waliokuja na ushamba wao. Walikuwa watu wa kila aina, wasomi na wasiosoma, wenye vyeo na wasio na vyeo, na wengi walishakaa mjini miaka mingi.

Kipindi hicho hicho ripoti nyingine, ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizofika masokoni Dar zilitoka humu humu mjini, kwenye maeneo ya wazi na bustani za nyumbani. Soma tena. Ule mchicha uliokula utotoni, iwe ulikaa Kinondoni, Temeke au Ilala, kuna uwezekano mkubwa ulitoka kwa mtu wa umbali wa kutembea kwa mguu.

Serikali ikaona heri ikubali. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mjini: ruksa kulima, lakini eneo lisizidi ekari 3. Mazao marefu kama mahindi hayakupendwa na wakubwa wa mji, kwa hofu kwamba wezi wanajificha na mbu wanazaliana. Kwa wezi sijui, ila kwa mbu kuna ukweli nusu. Tatizo kubwa ni maji yanayotuama kwenye mitaro katikati ya matuta ya bondeni, hayo kweli mbu wa malaria wanayapenda. Kosa si la muhindi jamani. Mwagilia shina, usifuge dimbwi.

Katika miaka hiyo ya 1990 kukawa na mradi wa mboga mijini wa Wizara ya Kilimo na Wajerumani, uliofanya kazi Dar na Dodoma. Mabwana shamba na mabibi shamba wakawa wanazunguka kwenye kata. Ilikuwa saa yake hasa. Viwanda vya umma vinafungwa au kuuzwa, wanaume wanapunguzwa kazini, wanarudi nyumbani na barua. Wakakuta mke ameshajua njia. Wengi ndipo waliposhika keni ya kumwagilia kwa mara ya kwanza, wakiangalia kushoto na kulia kama kuna mfanyakazi mwenzao anapita.

Yote hayo, ripoti, kanuni na mradi, yana majina na namba. Waliolima wameandikwa kama "wanawake wengi" na "kaya nyingi". Bibi yangu yuko humo ndani mahali fulani, ni sehemu ya hiyo asilimia.

Mchicha wa bondeni

Tusidanganyane, hadithi hii ina upande mchungu. Mji ulivyozidi kujaa, mabonde ndiyo yaliyobaki wazi. Bonde la Msimbazi, Mto Sinza, mabonde ya Yombo. Kule mkulima anapata ardhi bila kodi na maji bila bili. Lakini maji hayo yamepita wapi? Yamepita viwandani, gereji, kwenye vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kandokando ya Sinza na Msimbazi. Wakakuta madini mazito ndani ya majani, risasi ikiwamo. Tangu hapo ndiyo yale maswali gengeni: "Huu mchicha wa wapi?" Na muuzaji hajawahi kujibu "wa Msimbazi" hata siku moja! Kila mchicha wa Dar umetoka Bagamoyo.

Mimi siwalaumu wakulima wa bondeni. Walilisha mji pale mji ulipowapa maji machafu. Ila hapo ndipo bustani ya uani inapopata uzito wake. Maji unayajua, ni ya bomba, ya kisima chako, au ya mvua iliyojaa kwenye pipa. Mbolea unaijua, ni ya kuku wako. Dawa unaijua, kwa sababu hujapiga. Hata hivyo kama jirani ana gereji ya kumwaga oili, usipande chini pale, panda kwenye ndoo au kiroba chenye udongo wa kuaminika.

Raha yake sasa

Nimezungumzia shida muda mrefu, nisije nikakufanya uone bustani kama adhabu. Bibi alipokuwa hahitaji tena kuuza mchicha, watoto wote wana kazi, aliacha? Hakuacha. Wakamnunulia televisheni kubwa, akaiwashia wajukuu, yeye akatoka nje na keni yake.

Raha ya kwanza ni asubuhi. Kabla joto la Dar halijaamka, kabla hujakimbilia kituoni kugombania daladala, una dakika kumi za kumwagilia. Hakuna anayekuuliza kitu. Udongo unatoa ile harufu. Jana palikuwa patupu, leo vijani viwili vimetoa kichwa. Ukubwa wote huu, unashangilia kijani cha nusu inchi!

Raha ya pili ni sufuria. Mafuta yanachemka, kitunguu kinakaangwa, ndipo unatoka kuchuma matembele. Yanaingia sufuriani yana umande. Ukitia nazi, we acha tu. Kisamvu unakitwanga mwenyewe, unajua ni majani machanga, si yale yaliyokomaa kama ngozi ya viatu. Jioni unakata mchaichai, chai inanukia mpaka mpangaji anajikaribisha.

Raha ya tatu ni majirani. Bustani huzaa kupita mdomo wako. Bamia zikianza, hata ufanyeje, huwezi kuzimaliza. Kwa hiyo unagawa. "Naomba pilipili mbili" ni njia ya jirani kukujulia hali. Bibi alijua matatizo ya mtaa mzima kupitia pilipili. Aliyekuja kuomba mchicha siku tatu mfululizo, siku ya nne alimpelekea na unga, usiku, bila mtu kujua.

Na watoto. Mwanangu hali mboga ya gengeni hata umpe hela. Mchicha aliopanda mwenyewe kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa, aliula na kuuliza kama upo mwingine.

Mpinzani wa leo

Wakoloni walitufukuza, Nguvu Kazi ikatupandisha lori, kanuni zikatupimia ekari. Bustani ikapita kote huko salama. Inachoshindwa nacho sasa ni sisi wenyewe, na tofali za pavingi.

Angalia mitaa mipya, Goba, Bunju, Chamazi, Toangoma, Kigamboni. Mtu amehangaika miaka kumi kununua kiwanja na kunyanyua nyumba. Siku ya kuhamia, kitu cha kwanza anachofanya ni kuziba udongo wote, geti mpaka geti. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuingia, yanakwenda kwa jirani, ugomvi. Jua likiwaka pavingi linarudisha joto sebuleni, anawasha kiyoyozi. Halafu anatuma mtu gengeni kununua fungu la mchicha lisilojulikana lilikotoka. Ni sisi watoto wa wale kina mama. Tumeona aibu ya matuta.

Mitaa ya zamani nayo, Temeke, Tandika, Kinondoni, uani kunaliwa na fremu na vyumba vya kupangisha. Siwezi kubeza. Dar ya sensa ya 2022 ina watu milioni 5.38, watalala wapi? Kodi ni chakula pia. Na wapo waliopanda ghorofani, kama wale wa Magomeni Kota ambako majengo mapya yalizinduliwa mwaka 2022, hao uani hawana kabisa. Lakini ukiwa na kibaraza chenye jua nusu siku, viroba vitatu na ndoo mbili vinatosha mboga ya siku mbili tatu kwa wiki. Mchicha haujawahi kuomba hati ya kiwanja.

Basi turudi kwenye kikao. Nilisema niliyokuwa nayo. Nikamkumbusha mjomba lile kopo la maziwa. Alinyamaza, akaangalia chini, nikadhani nimeshinda. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mama alilima ili sisi tusilazimike kulima. Shangazi yako anahitaji hela ya dawa kila mwezi. Mchicha utatosha?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina. Fremu zinajengwa, msingi umeshachimbwa.

Lakini siku moja kabla mafundi hawajaja, nilikwenda Temeke alfajiri na kisu cha jikoni. Nikakata marando ya matembele, yale yale. Na tembele halizaliwi upya kila msimu kama mchicha wa mbegu, unakata rando na kuchomeka, mmea ni ule ule mmoja unaendelea. Kwa hiyo haya niliyoyafunga kwenye kanga iliyolowana, nikapanda nayo daladala hadi Chamazi, ni yale yale yaliyokuja na bi harusi kutoka Kisarawe zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Nimebandua pavingi mstari mmoja kando ya ukuta. Fundi alinicheka. Wiki ya pili yameshika, yameanza kutambaa.

Nyumbani kwenu alikuwa nani? Maana kila familia ya Dar ina wake, mama, bibi, shangazi au mpangaji wa chumba cha nyuma. Mtaje kwa jina angalau mbele ya watoto wako. Ripoti hazikumwandika.